Mipira ya Njia ya Mpofi

Mushaki, 18 Mei 2025

Shemeji Hubert,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini karatasi hii itawakuta wazima, wewe, dada yangu Isimbi, na huyo bibi harusi wenu. Sisi tuko. Mke wangu Umuhoza anakohoa tangu Pasaka lakini hataki kulala, anasema akilala nani atawasha jiko. Watoto wanasoma siku ambazo mwalimu anakuja. Maziwa ni kidogo mwaka huu. Mvua ilizidi, majani yameoza, ng'ombe hawali vizuri.

Mnara wenu wa simu umekufa na naona hakuna wa kuufufua. Basi tumerudi kwenye barua kama wazee wetu. Shukrani kwa Mama Verdiane anayechukua jibini hapa na kurudi na mawese ya kwenu, bila yeye nisingejua hata kwamba Valérie anaolewa. Alinieleza akiwa amesimama mlangoni, kikapu bado kichwani. Umuhoza alipiga vigelegele mpaka kikohozi kikamkatisha.

Sasa neno langu. Harusi ni Agosti na mimi ndimi mjomba. Najua mila ya kwenu na ya kwetu inakutana hapo: mjomba asipoketi kwenye kiti chake, mtoto hatoki nyumbani. Nitakuja. Na nitakuja na pikipiki yangu ya mbio, ile uliyoiita ng'ombe asiyekamuliwa siku nilipoibadilisha na dume langu kwa yule kijana wa Goma. Cheka tu. Valérie alipokuwa mdogo alikaa juu yake hapa uani, miguu haifiki popote, nikamwahidi kwamba siku ya harusi yake nitambeba nyuma mpaka kanisani. Ahadi ni deni.

Shida ni mipira ya magurudumu. Iliyopo imekuwa kipara. Na hata ilipokuwa mipya ilikuwa ya lami, mipana, laini, mifereji michache. Kutoka Sake kwenda Goma inashika barabara vizuri sana, lakini kwenye udongo inateleza hata pikipiki ikiwa imesimama. Motari wa huku, wanaobeba abiria kwa pikipiki, hawapiti tena Nyabiondo, kwa hiyo siwezi kubebwa. Wewe unaijua njia ya kutoka Kibua mpaka kwako. Niambie ninunue mipira ya namna gani.

Msalimie dada yangu. Mwambie asipike majani ya sombe bila mawese kwa sababu ya uchumi.

Shemeji yako,
Kagabo


Mpofi, 9 Juni 2025

Shemeji Kagabo,

Tunakusalimu sana. Tumepokea barua yako, ingawa ilifika ikiwa imefunguliwa. Watu wa bariera, wanaofunga njia hapo, siku hizi wanapenda kusoma. Basi tuandike mambo yanayosomeka.

Hapa tunaendelea. Muhogo umepata ugonjwa wa majani lakini ndizi zipo. Isimbi mgongo unamsumbua, ila mdomo mzima. Valérie anashona mashuka na hataki mtu ayaguse. Mchumba wake Trésor ni mtu wa Kibua, ni kijana mtulivu, baba zake wakubwa ndio wenye kelele. Kuna mmoja ambaye tangu siku ya kwanza anahesabu mbuzi kwa macho.

Kuhusu mipira. Kwanza nicheke, maana wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na wewe hujawahi kulima hata kitunguu. Lakini swali lako ni la maana. Udongo wa kutoka Kibua kuja huku ni ule mwekundu unaonata. Mpira wenye meno madogo unajaa udongo mara moja, unakuwa mviringo mtupu, na hapo umekwisha. Unahitaji meno makubwa yaliyoachana, ili gurudumu likizunguka litupe matope lenyewe. Mbele na nyuma, usije ukaweka nyuma tu. Mbele ikiteleza, mtu anaanguka kabla hajajua.

Usipoipata mipira ya namna hiyo, shemeji, usijaribu. Nakuomba. Tutasubiri, harusi si mvua kwamba ikipita imepita.

Isimbi anasema sombe inapikwa kama kawaida.

Hubert


Mushaki, 2 Julai 2025

Shemeji,

Salamu. Umuhoza kikohozi kimepungua. Mtoto wetu wa mwisho ameng'oka jino na kulitupa juu ya bati, sasa analidai kila asubuhi. Maziwa bado ni kidogo.

Nimeteremka Sake mara tatu kwa miguu na kwa lifti za magari ya mbao. Karibu na Mubambiro kuna fundi wa mipira anaitwa Noël, mtu mwenye mikono myeusi mpaka kiwikoni na maneno machache. Nilimweleza meno makubwa yaliyoachana kama ulivyoniambia. Alizunguka pikipiki, akapiga chuma cha gurudumu kwa kidole, akaniangalia kama mtu anayepeleka ng'ombe kuogelea.

"Papa," akasema, "hii moto haikutengenezwa ya matope. Hii njo ya goudron, ya lami. Unaenda wapi nayo?"

Nikamwambia naenda harusini.

Sasa sikia. Magurudumu yangu yote mawili ni ya inchi kumi na saba. Mipira ya meno makubwa inayouzwa huku ni ya pikipiki za kazi, magurudumu yao ni membamba na marefu. Haiingii. Kubadilisha chuma cha gurudumu maana yake kubadilisha na uma wa mbele, na hapo ningekuwa nimenunua pikipiki nyingine. Lakini Noël amenionyesha aina ya tatu, nusu lami nusu udongo, ambayo inaingia kwenye kumi na saba. Mifereji ni mirefu kidogo, pembeni kuna vijimeno. Mwenye duka amekubali kuniwekea.

Nafikiri inatosha. Nitakwenda polepole, na penye ubaya nitaisukuma. Agosti mwanzoni nitakuwa kwako. Niambie neno moja tu, ndiyo, nami nawafungia mzigo.

Kagabo


Mpofi, 30 Julai 2025

Shemeji mpendwa,

Poleni na baridi. Sisi tuko, tunachoka tu. Wiki mbili tulilala porini, sitaeleza, na tuliporudi kuku walikuwa hawapo lakini nyumba ipo. Mashuka ya Valérie yalikuwa yamefukiwa ardhini kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa hiyo ameyapata safi. Unajua dada yako anavyowaza mapema.

Shemeji, nusu na nusu haifai. Nisikilize. Nimeona pikipiki za mipira hiyo zikilala hapa barabarani, na waliozipanda walikuwa watu wa hapa hapa. Kati ya Kibua na kwangu kuna mlima ambao motari wanafunga kamba kuzunguka gurudumu la nyuma ndipo wapande. Vijimeno vya pembeni havitakusaidia pale.

Tena kuna jambo jingine. Umetazama mwaka wa mipira hiyo? Pembeni huandikwa tarakimu nne ndani ya kiduara; mbili za mwisho ni mwaka ilipotengenezwa. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, unakauka, unapasuka ndani huku nje unang'aa. Wenye maduka wanatuletea iliyokataliwa kwingine. Ukikuta ni ya zamani, mwachie mwenyewe.

Na usiwe na wasiwasi wa tarehe. Familia ya Trésor nayo haijakuwa tayari, tumesogeza hadi Oktoba. Kutangulia si kufika. Tafuta ile ya meno kamili, ya kumi na saba, ya mwaka wa karibuni. Ikikosekana, basi imekosekana, hakuna atakayekulaumu.

Hubert


Mushaki, 11 Septemba 2025

Shemeji,

Salamu kwa wote. Nilisoma habari ya porini. Umuhoza nilimwambia kuku wenu wamekufa kwa ugonjwa.

Ile ya nusu nusu uliyoikataa, nilikwenda kuitazama tarakimu. Ulikuwa na haki. Ilikuwa na umri wa mtoto wangu wa darasa la tano. Noël aliinama, akaona, akasema hata yeye alikuwa hajaangalia.

Lakini nimepata. Soma tena: nimepata. Meno makubwa yaliyoachana, kumi na saba mbele na nyuma, ya mwaka jana. Kuna mfanyabiashara wa Goma anayeagiza vitu Kampala; mipira hii aliagizwa na mtu ambaye hakurudi kuichukua. Ilikaa kwake, hakuna wa kuinunua, maana nani mwingine mwenye ukichaa wa kutaka meno ya shambani kwenye pikipiki ya mbio. Tulielewana.

Noël aliifunga mwenyewe, mshale ukielekea mbele. Ya mbele ilikuwa inagusa kizuia-matope, tukakikata. Ya nyuma inapita kwa nafasi ya unene wa shilingi, lakini inapita. Nimeijaribu mlimani nyuma ya nyumba baada ya mvua. Shemeji, ilipanda. Inanguruma vibaya na inatikisa meno yote kinywani, lakini ilipanda, na udongo mweusi wa Mushaki ukawa unaruka nyuma yangu mpaka kwenye nguo alizoanika Umuhoza. Alinitukana kwa furaha. Ni siku nyingi sijasikia sauti hiyo nyumbani.

Basi hakuna sababu iliyobaki. Nimefanya kila ulichosema. Oktoba tarehe kumi naondoka hapa.

Ila niulize. Mbona Isimbi haandiki hata mstari? Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika, akinishika mkono tukichunga. Na Mama Verdiane nikimuuliza habari za njia anatazama kikapu chake. Kama nimewakosea, mniambie.

Kagabo


Mpofi, 25 Septemba 2025

Kagabo, shemeji yangu,

Usije.

Mama Verdiane ameingia kwetu leo, amekataa kuketi, amekataa maji. Barua yako ilifunguliwa kwenye bariera. Aliyeifungua aliisoma yote kwa sauti na wenzake walicheka sana pale pa nguo zilizoanikwa. Kisha akaikunja vizuri, akamrudishia mama, akamuuliza: "Uyu muntu ya moto ya sport, akitoka kwake tarehe kumi, atapita hapa siku gani?"

Hakuuliza kitu kingine. Aliuliza siku.

Nimeandika juu ya meno, nimeandika juu ya mwaka wa mpira, nimeandika mlima na kamba. Yote ni kweli na yote nilikuwa najificha nyuma yake. Njia inapitika, shemeji. Motari wanapita kila siku na mipira mibaya kuliko yako. Wanaangaliwa uso, wanaulizwa jina la baba na lugha ya nyumbani, wanapita. Wewe hutapita. Mimi nilioa kwenu, nimekula kwenye meza ya baba yako, nimeshika ng'ombe wenu kwa pembe, nikaona haya kukuandikia kwamba kwangu huwezi kufika kwa sababu ya uso wako. Nilidhani mipira haitapatikana. Nilisahau wewe ni mtu wa namna gani.

Isimbi hakuandika kwa sababu alisema akishika kalamu ataandika neno hilo hilo, na hawezi kumwambia kaka yake asije kwenye harusi ya mtoto wake. Hata yeye siku hizi hatoki mpaka sokoni. Ananunuliwa vitu na majirani, ambao ni watu wazuri, Mungu awalinde.

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nakuambia usije, wewe upone. Nimechoka, shemeji. Nimechoka kuwa mwongo wa mipira.

Hubert


Mushaki, 14 Oktoba 2025

Shemeji Hubert,

Tarehe kumi ilipita. Nilivaa koti, nikaitoa pikipiki nje, nikaipangusa, nikairudisha ndani. Umuhoza aliniwekea chai.

Usijilaumu. Nilijua. Sikujua yote, lakini tangu barua yako ya pili nilijua kuna kitu. Mtu anayetaka umtembelee hakuandikii kwamba ikikosekana hakuna atakayekulaumu. Mbona niliendelea kuteremka Sake? Kwa sababu nilipokuwa natafuta mipira nilikuwa bado nakuja. Kila mtu aliyeniuliza, nilimjibu naenda harusini kwa dada yangu, Mpofi, kama mtu yeyote anayekwenda kwa dada yake. Nililipenda jibu hilo.

Na mimi nikuambie langu. Ng'ombe hawapo. Wamekwisha tangu Februari, walichukuliwa asubuhi moja, wote, na ndama. Nilikuandikia majani yameoza. Maziwa ni kidogo, ndiyo, ni yale ya jirani anayotupa kwa ajili ya watoto. Sikutaka Isimbi ajue kwamba kilima cha baba kiko kitupu. Sasa mwambie wewe, taratibu, unajua namna.

Ile mipira nimeitoa kwenye pikipiki. Nimerudisha ile yenye kipara, nabeba abiria wa Mubambiro na Goma kwenye lami, ndiyo kazi iliyopo. Na ile ya meno nawatumia. Mama Verdiane ana wabeba mizigo wawili wanaokuja huko kuchukua mawese, wamekubali kuivingirisha njiani. Wakiulizwa watasema ni bidhaa. Najua hakuna gurudumu la huko kwenu Walikale litakalovaa mipira hii. Lakini mjomba hafiki harusini mikono mitupu, na hiyo ndiyo miguu niliyokuwa nije nayo. Sikuiosha.

Mwambie Valérie hivi, umsomee polepole: mimi Kagabo, kaka wa mama yako, nimekuachilia utoke. Uzae, uheshimiwe, usilale njaa. Ukigombana na mumeo, gombana mchana, usiku mlale. Ile ahadi haijafa, imekosa njia tu.

Fanyeni harusi. Msisogeze tena kwa ajili yangu.

Kagabo


Mpofi, 7 Desemba 2025

Shemeji,

Amani iwe nanyi huko Mushaki. Pole kwa ng'ombe. Isimbi nilimwambia tukiwa shambani. Aliendelea kulima mpaka mwisho wa mstari, ndipo akaketi. Hakulala usiku ule, akitaja majina ya ng'ombe, hata wa zamani waliokufa yeye akiwa msichana.

Harusi imefanyika Jumamosi iliyopita. Nakueleza yote ili uwe umeiona.

Mipira ilifika siku nne kabla. Wale wabeba mizigo waliivingirisha kutoka kwako mpaka kwangu, wakiilaani kila mlima, na kwenye bariera iligeuzwa na kupigwa mateke, ikaachwa. Sikujua niiweke wapi. Valérie alisema iwekwe kwenye kiti cha mjomba. Nikaona ni utoto, lakini sikuwa na jambo bora, nikaiweka, mmoja juu ya mwingine, na juu yake barua yako.

Asubuhi wazee wa Kibua wakaingia. Yule baba mkubwa wa Trésor mwenye kuhesabu mbuzi akaona kiti, akasimama. Akasema hawezi kuchukua mtoto ambaye mjomba wake hayupo, na kwamba kuwekewa mipira ya pikipiki ni kutukanwa. Nikasoma barua yako. Nilisoma vibaya, nikarudia mara mbili pale pa kugombana mchana. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alikwenda mpaka kwenye kiti, akainama, naye ni mtu mwenye tumbo, akaingiza kucha kati ya meno ya mpira. Akatoa udongo mwekundu wa huku, ambao kila mtu anaujua. Akachimbua zaidi, chini yake ukatoka mweusi. Akausugua kwenye kiganja, akaunusa, akawapa wenzake.

"Huu haiko udongo ya huku," akasema. "Mujomba amefika."

Akaketi. Nimekuwa nikimsema vibaya mtu yule tangu Mei, sasa itabidi nipunguze.

Mbuzi wako wa ujomba, fungu lako la mahari, hatukumchinja. Ni jike, yuko kwangu, anakula ndizi zangu kwa kiburi cha watu wa kwenu. Utakuja kumchukua wakati njia itakapokuwa njia. Barua inayobaki anaiandika dada yako, ameninyang'anya kalamu.

Hubert


Kaka yangu,

Nisamehe kimya. Nitaandika kidogo, macho hayataki.

Hubert hakuwa nje tulipokuwa tunajiandaa kwenda kanisani, alikuwa anahangaika na viti. Hili niliona mimi. Valérie alitoka akiwa amevaa, akawaambia shangazi zake wasubiri. Akabeba mipira yako mwenyewe, mmoja mmoja, nguo nyeupe ile ikapata udongo, akaipanga mlangoni na kukaa juu yake. Miguu sasa inafika chini. Akanyoosha mikono mbele, akaifunga hewani, kwa namna mtu anavyoshika kiuno cha anayeendesha, akafumba macho. Hakuna aliyecheka.

Kisha akasimama, akapangusa nguo, akamshika mkono baba yake aliyetoka wakati huo.

"Mujomba ameshanibeba," akasema. "Twende."